Sukari Guru Kwenye Mursik

Hapa kwenye laini za wafanyakazi wa chai watu wananiita Mama Sukari, na nyinyi mliohamia juzi mnadhani ni kwa sababu ya roho yangu tamu. Roho yangu si tamu, muulizeni mume wangu. Hilo ni jina la aibu, nimelibeba mwaka wa sita sasa, na kwa kuwa leo Akinyi amenikuta mlangoni nikishona kibuyu akacheka mpaka akamwaga maji aliyotoka kuteka, nitasema yote mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa kwetu Litein wawasimulie watatia chumvi, na kisa chenyewe kiliharibika kwa kutiwa vitu visivyohitajika.

Nilikuwa nimeolewa miaka minne na karani wa mizani. Kusema kweli alikuwa karani mdogo tu, wa kushika penseli na kuwapigia kelele wachumaji walete vikapu haraka, lakini mimi nilitembea kama nimeolewa na gavana. Tulikuwa wake watatu wa makarani kwenye laini ile ya juu, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuchunguza nani ana kitu gani kipya. Kikombe kikibanduka rangi kidogo mdomoni, nje. Blanketi ikitoboka pahali pa kupitisha kidole, nje. Sufuria ikipata doa, nje. (Wake wa wachumaji walikuwa wanapita nyuma ya nyumba zetu wanaokota, wanatia kiraka, wanatumia, na sisi tulisimama dirishani tukiwacheka. Sasa hebu fikirini wenyewe: mmoja ameokota blanketi, amelala na joto, mwingine ametupa blanketi, amejikunyata akingoja mwisho wa mwezi. Na anayecheka ni huyo wa pili! Mungu alitupa akili tukaitupa pamoja na vikombe.)

Basi ujumbe ukaja kutoka nyumbani. Mdogo wangu Chelangat alikuwa amepata mchumba, Kipkoech, kijana anayeendesha mkokoteni wa ng'ombe kupeleka mizigo Londiani, na watu wake walikuwa wanakuja kumwomba rasmi. Chelangat alimpenda huyu kijana, tena alimpenda mpaka akawa anaunguza mboga. Lakini baba alikuwa amesema wazi: "Hawa wakija wakapatana na sisi, sawa. Wakigeuza mgongo, wiki inayofuata namruhusu mzee wa Sigowet aje." Mzee wa Sigowet alikuwa na ng'ombe wengi, wake wawili na meno matatu. Kwa hivyo mjue, siku hiyo haikuwa ya mchezo kwa mdogo wangu.

Mama akaniita nije siku kumi kabla, nisaidie. Nikafika na kanga mpya, gauni jipya la maua, na pua juu. Nikaangalia ile nyumba niliyozaliwa ndani yake nikaona haya. Mlango wa ghala umefungwa kwa kamba ya gunia kuukuu. Taa ni kikopo cha mafuta kilichotobolewa utambi. Baba anakalia kigoda ambacho mguu wake mmoja ulitoka kwa kigoda kingine. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa kimewahi kuwa kitu kingine. Halafu nikaona kibuyu.

Hapa Akinyi nisikilize, kwenu ziwani hamna habari hii. Sisi Wakipsigis maziwa ya mgeni hayatoki kwenye sufuria. Yanawekwa kwenye kibuyu, tunakiita sotet, kinachosuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet, yanakaa humo siku kadhaa mpaka yanaganda, na hiyo ndiyo mursik. Kibuyu kikizeeka ndipo kinakuwa kizuri, kwa sababu kimekunywa moshi miaka na miaka. Kile cha mama kilikuwa kikubwa kuliko vyote, alikipata kwa mama yake, na kilikuwa kimepasuka. Ufa ulishuka kutoka shingoni mpaka tumboni, na Chelangat alikuwa ameushona wiki ile ile, kwa uzi wa mishipa ya ng'ombe, mshono mweusi ulionyooka, kisha akauziba kwa nta. Mimi niliona tu kovu.

"Mama, mtawapa wageni maziwa kutoka kwa hii kitu?"

"Hiyo kitu imekulea wewe," mama akasema.

"Watasema sisi ni maskini."

"Si sisi ni maskini?"

Mnaona jibu hilo? Mtu mwenye akili angenyamaza hapo akachukua ufagio. Mimi nikasema nitanunua kingine, na kesho yake alfajiri nikaenda soko la Litein kama mtu anayekimbilia daktari.

Kibuyu nilichonunua kilikuwa kizuri, sitadanganya. Kimepakwa samli nje kinang'aa, kimevalishwa ngozi yenye shanga nyekundu na nyeupe, kauri zimepangwa shingoni. Mwanamke aliyeniuzia aliapa kwamba kimeshaiva ndani, kwamba hata leo naweza kutia maziwa. Bei sitaitaja, mume wangu anapita hapa mara kwa mara. Na nikiwa njiani kurudi nilijua. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo, nilijua, nimezaliwa kwenye vibuyu, najua kwamba kipya ni kichungu kama dawa ya minyoo na kinataka kulowekwa na kufukizwa na kulowekwa tena miezi mizima. Lakini shanga zilikuwa zinacheza kwenye jua, na mimi nilikuwa mke wa karani.

Nikakimwagia maji moto siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikakisugua kwa kaa mpaka mkono ukafa ganzi. Nikatia maziwa kidogo, nikaonja siku ya nne, ulimi ukajikunja. Mama akaniangalia tu. Alikuwa amechoka, na nafikiri moyoni alijivunia kidogo kuwa na binti mwenye gauni la maua, akasema, "Haya, wewe ndiye umeona dunia," akakitundika kile cha zamani kwenye kigingi, kitupu. Chelangat aliugusa mshono wake kwa kidole, akaenda kukamua.

Sasa mimi na uchungu wangu tukabaki peke yetu, na hapo ndipo akili ya laini ya juu ikaniletea shauri. Kitu kichungu kinatiwa nini? Nikaenda kwenye kifurushi changu, nikatoa sukari guru niliyokuja nayo kwa ajili ya chai yangu (nilikuwa nimeanza kunywa chai yenye sukari, niseme nini tena), nikavunja pande la ukubwa wa ngumi, nikaliyeyusha kwenye maziwa mapya, nikajaza kibuyu mpaka shingoni. Kifuniko kilikuwa kinacheza, kwa sababu yule mwanamke wa Litein alikuwa ametengeneza kibuyu cha kutazamwa, basi nikakikaza kwa nta ya nyuki, nikazungusha kitambaa cha amerikani, nikafunga mafundo matatu. Nikakiweka karibu na moto ili kiive haraka. Nikajisifu.

Siku ya tatu Chelangat akaniita.

"Dada, hiyo kibuyu inaimba."

Nikaenda nikasikiliza. Kweli, ndani kulikuwa na sauti, kama mtu anayenong'ona akiwa na hasira.

"Hiyo ni mursik ya kisasa," nikamwambia. "Wewe umezoea maziwa ya kibuyu bubu." Akanitazama kwa huruma. Nilidhani ni wivu!

Siku ya wageni ikafika. Asubuhi Chelangat akafagia uwanja na kutoa majivu, mama akaenda mtoni, na mimi nikabaki nikipamba nyumba. Macho yangu yakaenda kwenye kigingi. Kile kibuyu cha zamani kilikuwa kinaning'inia pale na kovu lake jeusi, mbele kabisa ya pahali ambapo wageni wangeketi. Ningeweza kukificha uvunguni. Ningeweza kukifunika kanga. Hapana, mimi nilikuwa nimezoea dawa moja tu ya kitu kilichozeeka. Nikakichukua, nikatoka nacho, nikakitupa kwenye lundo la samadi kando ya zizi, nikapangusa mikono. Sikukumbuka hata kwamba njia ya wageni inapita pale pale zizini.

Wakafika saa nne. Mbele alitangulia baba yake Kipkoech, Arap Korir, mzee mrefu aliyevaa koti la jeshi alilorudi nalo kutoka vita vya Wajerumani, na lile koti lilikuwa na viraka vingi kuliko koti lenyewe. (Nikacheka moyoni. Kumbukeni hilo.) Nyuma yake wazee wawili na mama yake Kipkoech. Na nyuma kabisa, peke yake, akichechemea na fimbo, blanketi limemfunika mpaka kidevuni, bibi yake Kipkoech, Kogo Tabutany. Kogo ni kusema nyanya. Alichelewa kuingia kuliko wengine wote, na mimi nikadhani ni mguu.

"Chamge, Kogo," nikamsalimia kwa sauti ya nyumba ya karani.

"Chamge," akajibu, akaangalia gauni langu kutoka juu mpaka chini, kisha akaangalia kile kigingi kitupu ukutani. Akaketi. Blanketi hakuvua, ingawa moto ulikuwa mkali.

Mazungumzo yakaenda vizuri. Wakaulizana koo, wakakuta hakuna pahali zinapogongana, wakaulizana ng'ombe, baba akaanza kutabasamu. Chelangat alikuwa ameketi kando ya mama ameinamisha kichwa, na niliona vidole vyake vimeshikana kwa nguvu. Mama akamwambia, "Chelangat, wape wageni maziwa."

Nikaruka. "Mikono yake ina majivu, mama. Nitamimina mimi."

Nani aliniuliza? Hakuna. Nilitaka shanga zile zionekane kwenye mikono yangu. Nikakileta kibuyu, kizito, kina joto, na kimenyamaza sasa, nikasimama katikati ya nyumba. Mursik haimiminwi hivi hivi, hutikiswa kwanza ili kaa lichanganyike, basi nikatikisa. Wengine hutikisa mara tatu. Mimi nilitikisa kama mtu anayecheza ngoma, bangili zinalia, kauri zinalia, wageni wananitazama, nikaona nimependeza nikatikisa tena. Kisha kwa heshima nikaelekeza mdomo wa kibuyu upande wa Arap Korir, maana yeye ndiye mkubwa, nikafungua fundo la kwanza, nikafungua la pili.

La tatu sikulifungua. Lilijifungua lenyewe.

Mmeshasikia punje ya hindi ikipasuka kwenye moto? Sasa weka punje ya ukubwa wa kichwa. Kifuniko kilimpiga Arap Korir katikati ya paji la uso, pah! na maziwa yakafuata, si kwa kumwagika, kwa kuruka, yakampata usoni, kifuani, kwenye lile koti la vita, yakagonga paa yakarudi, yakawanyeshea wale wazee wawili, yakazima nusu ya moto, na mimi niliyekuwa nimekikumbatia kibuyu chenyewe nikabaki nikioga, maana kiliendelea kutema kama ng'ombe mwenye kikohozi, na kadiri nilivyokibana ndivyo kilivyozidi. Nikakiachia. Kikaviringika mpaka miguuni kwa baba, kikatema mara ya mwisho, kikanyamaza.

Povu la kijivu lilikuwa linashuka polepole kwenye ndevu za Arap Korir. Kogo Tabutany alikuwa na tone moja tu, juu ya mdomo. Akatoa ulimi, akalilamba, akafikiri.

"Sukari guru," akasema. Akalamba tena. "Na uchungu wa kibuyu kipya."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Kericho ina akili, haimezi takataka. Mmoja wa wale wazee akasimama, akachukua fimbo yake. "Maziwa yakikataa wageni, wageni wanafanya nini hapa?" akasema. Wa pili naye akasimama. Arap Korir akajipangusa macho akaanza kuinuka. Nikamtazama baba, nikaona anamfikiria mzee wa Sigowet. Nikamtazama Chelangat. Alikuwa analia bila sauti, na kulia huko kulikuwa kwa mtu anayejua kabisa nani amemfanyia jambo hili.

"Ketini," Kogo akasema. Wanaume wakaketi, wote, kama watoto. Akafungua blanketi, na kutoka kwapani akatoa kibuyu cha mama. Kilikuwa na samadi ubavuni. Akakiweka magotini, akakipangusa kwa pembe ya blanketi lake mwenyewe.

"Hii nimeokota hapo nje nikija. Nimeangalia huu mshono njia yote kutoka zizini. Katika nyumba hii kuna mkono unaoshona, na kuna mkono unaotupa. Nataka kujua sisi tumekuja kuchukua mkono gani." Akamgeukia mdogo wangu. "Leo asubuhi nani alifagia?"

"Ni mimi, Kogo," Chelangat akasema.

Mnaelewa? Alifagia kweli, na kila mtu ndani ya nyumba ile akawaza kitu kimoja, kwamba anayefagia ndiye anayetupa. Angeweza kusema, "Lakini kibuyu alitupa dada." Hakusema. Mimi ni mkubwa wake, na mgeni alikuwa ananitazama, basi akanifichia aibu yangu huku nyumba yake inamponyoka mkononi. Na mimi, nawaambia ukweli wangu wote, nilikaa kimya. Labda muda wa kumeza mate mara mbili. Nilikuwa nafikiria gauni langu, nafikiria wake wa makarani wakisikia. Mtu anaweza kuwa mdogo kiasi hicho.

Kisha Chelangat akapangusa macho kwa kiganja, na nikaona alama za sindano kwenye vidole vyake.

"Mimi ndiye nilitupa," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Kufagia alifagia yeye, lakini kibuyu nilitupa mimi. Na hicho kipya nilinunua mimi, na sukari nilitia mimi. Yeye alishona. Kila kitu kilichoharibika hapa ni changu."

Maziwa yalikuwa yanadondoka kutoka kwa nywele zangu, to, to, to, kwenye sakafu.

"Wewe ndiye mke wa karani?" Kogo akauliza.

"Ndiyo, Kogo."

"Amekuoa lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Bahati yako si mimi nilikuja kukuomba."

Arap Korir ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka na uvimbe wake kwenye paji la uso, akashika viraka vya koti lake vilivyolowa, akasema, "Hii koti imepigwa risasi haikufa, sasa imepigwa na maziwa," na wale wazee wakacheka, na baba akacheka kwa woga, na Kogo hakucheka hata kidogo. Alimwambia mama aoshe kile kibuyu na kumimina humo maziwa yoyote yaliyokuwa nyumbani. Kulikuwa na yale ya watoto wa jirani, kwenye kibuyu kidogo. Mama akayamimina. Kogo akakiinua juu ya kiganja chake kikavu, akakishikilia hapo muda mrefu, sote tukitazama ule mshono mweusi kutoka shingoni mpaka tumboni. Kisha akatuonyesha kiganja. Kilikuwa kikavu vile vile.

"Tunachukua huu mkono," akasema.

Chelangat aliolewa na Kipkoech, na kile kibuyu alienda nacho, mama alimpa mbele ya watu wote. Mimi nilirudi hapa na kile cha shanga. Ilinichukua miezi minane kukitoa uchungu, na wake wa makarani waliniona nikikifukiza kila juma wakasema nimerudia ushamba. Niliapa sitatupa tena kitu kabla ya kukigeuza mara tatu mkononi, na sitanunua kitu kwa sababu kinang'aa. Blanketi ile ya bluu ninayoianika hapo nje ina viraka saba, hesabuni. Mwaka huu kibuyu chenyewe kimepasuka, shanga zote zimekwisha kudondoka, ndicho hiki Akinyi anachokicheka. Mshono wangu umepinda, najua. Ilibidi niende kwa Chelangat kuomba anifundishe, na alinifundisha bila kunisuta hata neno moja, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kogo Tabutany yuko hai bado. Kila nikienda kumtembelea mdogo wangu, bibi huyo anamimina mwenyewe kutoka kwa kile kibuyu cha mama, anawapa wageni wote, kisha ananipa mimi, na kando ya kikombe changu anaweka pande la sukari guru, uso mkavu, na kuketi kunitazama. Naila yote, na kumshukuru.